Gari Tuliyoiacha Tumbi

Wanachama wenzetu,

Kwa wiki kadha sasa maneno yanapita barazani, na mengine yametufikia kwa barua, ya kuwa wajumbe wawili wa Halmashauri walipelekwa bara kwa fedha za chama kununua pikapu ya kuchukulia karafuu, wakakaa huko siku tano, wakatumia nauli ya kwenda na kurudi, kisha wakarejea mikono mitupu. Maneno hayo ni kweli, wala hatuyakanushi. Gari tuliiona. Fedha tulikuwa nazo mfukoni. Na bei yake ilikuwa chini ya kiasi mlichotuidhinishia. Tuliiacha kwa makusudi. Na kwa kuwa mkutano mkuu utakaa kabla ya mavuno, na jambo hili litaletwa mbele yenu kupigiwa kura, ni haki yenu kujua kwa nini tuliiacha, na kwa nini twawaomba msitume watu wengine kwenda kuinunua.

Hapana haja ya kumweleza mkulima wa karafuu shida ya kuchukua mali yake. Karafuu huchumwa kwa mkono, hutengwa na makonyo yake, huanikwa majamvini, huanuliwa mvua inapotanda na kuanikwa tena jua linapotoka. Kazi yote hiyo ikiisha, gunia lingali shambani na kituo cha kununulia cha Shirika la Biashara la Taifa kiko mbali. Gari isipofika kwa wakati, karafuu hulala nje. Ikifika na kuharibikia njiani katika mvua, karafuu iliyokwisha kauka hurudi unyevu, hushika ukungu, na daraja lake hushuka. Jasho la familia nzima hupotea katika saa moja.

Na mnakumbuka lililotupata msimu uliopita. Gari ya kukodi, iliyopakia magunia ya wanachama wetu wanne, ilikatika katikati ilipokuwa ikipanda mlima. Haikugonga kitu, wala haikupinduka. Ilikatika tu, nyuma ya chumba cha dereva, kama muhogo uvunjwavyo mkononi. Vijana wawili waliokaa juu ya magunia walirushwa chini. Mmoja alivunjika mguu, na mpaka leo hapandi mkarafuu, naye alikuwa mchumaji hodari kupita wenziwe. Karafuu zilimwagika mtaroni na mvua ikazikuta pale pale.

Siku ya pili yake baadhi yetu tulikwenda kuitazama gari ile. Mahali chuma kilipokatika palikuwa na ukanda mdogo uliong'aa, upana wake kama kidole. Sehemu nyengine yote ya mkato ilikuwa ya rangi ya udongo mwekundu. Maana yake ni kuwa chuma kilichokuwa bado kizima siku ile kilikuwa kile cha upana wa kidole tu. Kilichobaki kilikwisha kufa zamani, na gari ikaendelea kupakiwa kama kwamba ingali hai. Picha ile hatukuisahau, nayo ndiyo tuliyokwenda nayo Tumbi.

Tumbi ni mahali pa Kibaha, katika Mkoa wa Pwani, kando ya barabara ya Morogoro, kiasi ya kilomita 40 kutoka Dar es Salaam. Wengi wetu twaijua kwa spitali yake, na kwa Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kuwa mradi wa Tanganyika pamoja na Denmaki, Ufini, Norwei na Uswidi, likakabidhiwa serikali yetu mwezi wa Januari 1970. Kibaha hiyo hiyo palikuwako kiwanda kilichounganisha malori ya Scania ya Uswidi, na huko ndiko liliko Shirika la Nyumbu, ambako katika miaka ya 1980 wahandisi wetu walijaribu kutengeneza lori la Kitanzania. Basi Tumbi si ngeni kwa watu wa nchi za theluji, wala kwa mambo ya magari. Lakini sisi hatukwenda kwa ajili ya historia. Tulikwenda kwa sababu tuliambiwa iko pikapu nzuri, imetoka Japani, haijapita mikononi mwa mtu hapa nchini, na mwenyewe ana haraka ya kuiuza.

Tuliikuta imeoshwa. Rangi nyeupe, viti safi, injini ikiwaka kwa mara ya kwanza bila ya kukohoa. Mwenzetu mmoja aliizunguka mara mbili akasema, “Hii ndiyo.” Hatumlaumu, hata sote tulisema hivyo moyoni. Chini yake palikuwa pamepakwa rangi nyeusi nzito kama lami, na muuzaji alituonyesha kwa fahari, akisema kuwa imekwisha kingwa na kutu.

Kabla ya kutoa fedha tulimtafuta fundi wetu wenyewe, asiyejuana na muuzaji. Tukampata mtu mzima, ambaye ujana wake aliumalizia katika malori ya Scania pale Kibaha. Tulisalimiana, tukampa habari yetu. Hakuuliza habari ya injini. Aliuliza, “Jamaa zangu, mnakwenda kuitumia wapi?” Tukamwambia, Pemba. Akasema, “Basi tuanzie chini.” Akaweka jeki na magogo, akatandika gunia, akalala chali akiwa na tochi na nyundo ndogo.

Aligonga chuma kuanzia mbele kwenda nyuma, kama mtu agongavyo nazi kujua iliyojaa maji. Mbele chuma kililia vizuri. Alipofika juu ya ekseli ya nyuma, pale springi zinaposhikwa, sauti ilibadilika ikawa nzito, kama mtu apigaye ubao uliooza. Akaikwangua lami kwa bisibisi. Chini yake hakukuwa na chuma kitupu, bali magamba yaliyobanduka tabaka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu. Akasukuma bisibisi kwa mkono mmoja, ikaingia ndani. Akatwambia, “Njoni mtazame wenyewe, msije mkasema nimewaharibia biashara.” Tukalala chini mmoja mmoja, na kanzu zetu, tukatazama. Mwanga wa tochi ulipita upande huu ukatokea upande wa pili.

Kisha akaomba karatasi za gari. Gari ya Japani inapofutwa usajili ili isafirishwe nje hupewa cheti, na cheti hicho hutaja namba yake ya zamani. Namba za Japani huanza kwa jina la mji wa ofisi iliyoisajili. Hii ilikuwa ya Sapporo, mji mkubwa wa kisiwa cha Hokkaido, kaskazini kabisa ya nchi ile, mahali pa theluji nyingi. Fundi akasema kuwa sasa amejua iliumwa na nini.

Hapa yafaa tueleze, kwani wengi tulidhani theluji ndiyo inayokula chuma. Theluji haina kosa. Ni maji tu yaliyoganda. Kosa ni la dawa ya theluji. Katika nchi zile barabara hufunikwa na barafu, gari zikateleza na watu wakafa. Basi serikali zao humwaga chumvi barabarani. Maji matupu huganda kwenye digrii 0, lakini maji yaliyoshiba chumvi hayagandi mpaka kiasi ya digrii 21 chini ya sifuri. Ndiyo maana barafu ikimwagiwa chumvi huyeyuka, na barabara hupitika. Huko Japani zamani watu walitumia matairi yenye misumari, lakini misumari ile ilichimba lami na kujaza vumbi mijini, hata mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuyazuia, na matumizi ya chumvi yakazidi. Hivyo gari ya Hokkaido, au Aomori, au Niigata, kila majira ya baridi hupita katika tope la chumvi, na magurudumu huirusha chumvi ile chini ya gari, ikaingia katika kila tundu na kila pembe.

Kutu yataka vitu viwili, maji na hewa. Chumvi ikiongezeka, maji hupitisha umeme mdogo ulio katika chuma kwa wepesi zaidi, na kazi ya kuliwa huenda mbio. Tena kutu yenyewe huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, kwa hivyo huvimba, hupasua rangi, hufungua mlango kwa maji mengine. Kikulacho ki nguoni mwako, na katika gari nguo hiyo ni rangi nzuri iliyofunika kidonda.

Na chasisi ya pikapu si sawa na mlango au boneti. Mlango ukitoboka utaona aibu, lakini utafika. Chasisi ndiyo boriti za nyumba. Injini imekalia juu yake, springi zimefungwa kwake, mzigo wote walala juu yake. Boriti hizi mara nyingi hutengenezwa kama sanduku refu lililo wazi ndani, ili ziwe na nguvu bila ya uzito mwingi. Sanduku hilo huingia tope na chumvi kwa matundu yake, na tope likiziba matundu ya kutolea maji, chuma hukaa katika maji ya chumvi usiku na mchana. Kutu huanzia ndani, mahali macho hayafiki. Siku itakapoonekana nje, ndani imekwisha kula shibe yake. Na hesabu ya nguvu yake ni nyepesi: chuma cha milimita 4 kikiliwa milimita 1 kila upande, kilichobaki ni nusu, lakini magunia tunayopakia hayapungui nusu.

Asiseme mtu kuwa haya ni ya gari kuukuu za watu maskini. Marekani, nchi ya matajiri, ilikutana nayo waziwazi. Pikapu za Toyota aina ya Tacoma, zinazosifiwa kote kwa uimara, ziliota kutu katika chasisi hata nyengine zikatoboka, khasa katika majimbo ya baridi yanayomwaga chumvi. Mwaka 2008 kampuni ilirefusha dhamana ya chasisi za Tacoma za zamani mpaka miaka 15, na zilizooza sana ikazinunua tena kutoka kwa wenyewe. Mwaka 2009 iliziita pikapu za Tundra za miaka ya 2000 mpaka 2003, kwa kuwa kutu ya sehemu ya nyuma ya chasisi iliweza kuliangusha gurudumu la akiba barabarani. Na mwaka 2016, baada ya wenye gari kwenda mahakamani, kampuni ilikubali mapatano yaliyohusu gari kiasi milioni 1.5 za Tacoma, Tundra na Sequoia, yaliyokadiriwa kufika dola bilioni 3.4, ya kuzikagua na kuzibadilisha chasisi zilizooza.

Twasema haya si kwa kuitia aibu kampuni hiyo. Gari zake zimetubeba sote, na nyingi zitaendelea kutubeba. Twasema ili mwanachama ajue mambo mawili. La kwanza, jina zuri la gari halizuii kutu. La pili, Mmarekani aliyekuta chasisi yake imeoza alikuwa na mahakama, dhamana na kampuni ya kumlipa. Sisi tukiinunua gari ile Tumbi, ikatukatikia mlimani, tutamwendea nani? Muuzaji atasema, “Mliiona, mkaikubali, mkatia saini.” Naye atakuwa amesema kweli.

Sasa tuyajibu maneno ya wanaotulaumu, kwani wana hoja, na hoja haijibiwi kwa hasira.

Wapo wasemao, “Mngeinunua, tukaipeleka kwa mchomeleaji akaweka kiraka.” Tulimwuliza fundi swali hilo hilo. Jibu lake lilikuwa swali: kiraka utakishona kwenye kitambaa gani? Chuma kinachozunguka tundu nacho kimekonda. Ukikichomelea, moto hukidhoofisha zaidi, na ukingo wa kiraka ndio utakaokatika kesho. Iko kazi ya kweli ya kubadilisha kipande cha chasisi, ikafanywa na fundi mwenye vyombo na kipimo, lakini gharama yake ukiijumlisha na bei ya gari, ule urahisi wote umekwisha. Kiraka cha nje kilichofunikwa lami hakiitengenezi gari. Huficha ugonjwa tu, mpaka mgonjwa aanguke.

Wapo wasemao, “Mavuno yako mlangoni, msimu mwengine wa kukodi gari utatumaliza.” Hii ndiyo hoja nzito, nasi hatuidharau. Kukodi ni ghali, na mwenye gari akijua huna budi, hupandisha bei. Lakini tukumbuke kuwa gari iliyomvunja kijana wetu mguu ilikuwa ya mtu mwengine, na lawama ikawa yake. Hii ingekuwa ya chama. Kijana atakayerushwa kutoka juu yake atakuwa mtoto wa mwanachama, na walioitia saini ni sisi na nyinyi. Kukodi kunatugharimu fedha, nayo fedha hutafutwa ikapatikana, bali uti wa mgongo ukivunjika haupatikani mwengine.

Na wapo wasemao, “Gari zote zina kutu, mkichagua hivyo hamtanunua kamwe.” Si kweli. Kutu ya juu juu, ile ya rangi ya machungwa inayofutika kwa brashi, si ugonjwa wa kuikimbia. Chuma chochote kilichopita bahari kinayo kidogo. Tunayoikataa ni ile ya magamba, ya kutoboka, na iliyofichwa. Japani nayo ni ndefu, na kusini yake iko mikoa ambayo haioni theluji ila kwa nadra. Gari za huko ziko nyingi sokoni. Wala minada yao haifichi: katika karatasi ya ukaguzi ya mnada, herufi S huonyesha kutu, kwa neno lao la sabi, na herufi C huonyesha chuma kilichokwisha kuliwa. Mnunuzi akiiomba karatasi hiyo na muuzaji akakosa sababu ya kuikataa, ataona. Akinyimwa, nayo ni jibu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Lakini wanachama wenzetu, tusije tukajitoa katika lawama kwa kuitia yote Hokkaido. Lipo jambo ambalo fundi wa Tumbi alitwambia tunaondoka, nalo ndilo lililotuzuia usingizi melini. Alisema, “Hata nikikupeni gari iliyokauka kama mfupa, huko kwenu mtaiozesha wenyewe.”

Alisema kweli. Sisi theluji hatuna, lakini chumvi tunayo zaidi yao. Maji ya bahari yana chumvi kiasi ya gramu 35 katika kila kilo, na upepo wa bahari huichukua chumvi hiyo mpaka mashambani. Kila mama wa nyumba anajua kuwa chumvi ya jikoni hulia majira ya masika. Sababu yake ni kuwa chumvi, hewa ikipita unyevu wa kiasi ya asilimia 75, huvuta maji yenyewe. Usiku mwingi wa kisiwani kwetu huvuka kipimo hicho. Kwa hivyo chumvi iliyokaa chini ya gari huwa majimaji kila usiku, hata kama mvua haikunyesha. Na joto letu huihimiza kutu, wakati baridi ya kwao huipunguza mwendo. Wao wana majira ya chumvi na majira ya kupumzika. Sisi hatuna mapumziko.

Juu ya hayo twaongeza kwa mikono yetu. Gari ile ile ichukuayo karafuu jioni, asubuhi imechukua mwani mbichi unaotiririka maji ya bahari, au samaki, au mchanga wa pwani. Wapo madereva wanaoingiza gari majini maji yakiwa yametoka, ili kuukaribia mtumbwi. Wapo wanaoiosha gari kwa maji ya bahari, wakaona wameiosha. Na gari ikivuka kwa meli juu ya sitaha, ikapigwa na povu la mawimbi saa nyingi, ikifika Mkoani huwashwa ikaenda zake, bila ya kumwagiwa hata ndoo moja ya maji matamu. Kisha tukashangaa kuwa gari haikai miaka mitano.

Basi shauri letu tunaliweka mbele ya mkutano kwa maneno haya.

Kwanza, chama kisinunue gari yoyote mpaka ilazwe chini na fundi asiyekuwa na faida katika mauzo, naye alipwe na chama, awe amesema kununua au kutonunua. Achukue tochi, nyundo ndogo, bisibisi na sumaku. Sumaku itamwonyesha palipojazwa puti badala ya bati. Atazame juu ya ekseli ya nyuma, kwenye vishikio vya springi, ndani ya matundu ya chasisi, na mahali linapofungwa gurudumu la akiba. Akikuta lami mpya nyeusi chini ya gari ya zamani, aikwangue. Mwenye gari akikataa ikwanguliwe, wajumbe washukuru, waage, waondoke.

Pili, karatasi zisomwe. Namba ya zamani ikiwa ya mji wa theluji, si lazima gari ikataliwe, kwani yaweza kuwa ilitunzwa, lakini lazima ikaguliwe mara mbili. Na muhuri wa ukaguzi usitutoshe peke yake. Muhuri husema gari ilikuwaje siku ile ilipotazamwa. Hausemi itakuwaje baada ya masika mawili ya Pemba.

Tatu, fedha iliyobaki baada ya kununua isigawanywe wala isinunuliwe taa za urembo. Siku ile ile gari ikifika, ioshwe kwa maji matamu chini na ndani ya boriti zake, ikaushwe siku mbili juani, kisha ipakwe grisi au nta ya kukinga chuma, ndani na nje, ila breki na mipira ziepukwe. Kazi hiyo irudiwe kila mwaka kabla ya masika. Oili chafu, ambayo wengi hupaka, haifai kwetu: huharibu mipira, huchuruzika katika udongo wa mashamba, na harufu yake karafuu huivuta. Mnunuzi wa karafuu ananunua harufu, nasi tusimwuzie ya gereji.

Nne, gari ya karafuu iwe ya karafuu. Isichukue mwani mbichi, wala samaki, wala mchanga wa pwani, hata kama mwenye mzigo ni ndugu yake Mwenyekiti. Tunaandika hivi kwa kuwa tunajua ombi la kwanza litatoka kwa ndugu zetu wenyewe, na kukataa kutakuwa kugumu. Kanuni ikiandikwa leo, anayekataa kesho hatakuwa mtu, itakuwa kanuni.

Tano, uzito uandikwe kwa rangi ubavuni mwa gari, kwa hesabu ya magunia, ili hata asiyejua kusoma mengi aone tarakimu. Wala mtu asipande juu ya magunia. Tukimkuta kijana juu ya magunia, gari isimame ashuke, hata ikiwa ni mvua.

Mavuno haya, tukubali kukodi. Lakini tukodi kwa masharti: gari itakayobeba mali ya chama ilazwe chini itazamwe kwa nyundo kwanza, na mwenyewe akikataa, tutafute mwengine. Halmashauri iko tayari kutoa fundi wa kuzitazama kwa siku mbili kabla ya uchumaji kuanza. Wenye gari watanung'unika wiki ya kwanza. Wiki ya pili wataanza kuzitengeneza.

Ama nauli yetu ya kwenda Tumbi, hesabu yake imeandikwa katika daftari, na kila mwanachama ana ruhusa ya kuja kuitazama. Mkutano ukiona tuliitumia vibaya, tutairudisha kidogo kidogo kutoka katika karafuu zetu. Lakini twaomba kila atakayeinua mkono kutulaumu, kwanza apite kwa yule kijana aliyevunjika mguu. Nyumba yake mnaijua. Hukaa barazani tangu asubuhi, na wenziwe wakipita na vikapu kwenda mashambani huwaamkia mmoja mmoja kwa jina. Akae naye kidogo, kisha aje mkutanini apige kura.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tuliuona kwa macho yetu, tumelala chini ya gari, kanzu zetu zikiwa na tope. Tumewaambieni. Lililobaki ni lenu.

Wajumbe wenu mliowatuma.